Mwizi wa Betri ya Zahanati

Ogari aliruka ua wa jirani Loice na betri ya zahanati begani. Makori akaruka nyuma yake, akaacha kiatu kimoja kwenye tope.

Betri hiyo ndiyo iliyowasha taa ya chumba cha kujifungulia, na Joyline, mke wa Makori, alikuwa na uchungu tangu asubuhi. Nesi alishasema: bila taa, giza likiingia hapokei mtu. Betri ilipopotea juzi, chifu aliandika kwenye daftari, akalifunga, akaitisha chai. Hawa wakubwa zahanati wanaijua siku ya kukata utepe tu. Basi Makori akatafuta mwenyewe, hadi akamkuta Ogari, yule fundi wa sola wa Keroka, akiifukua migombani.

Asubuhi, alipotaja kwamba anamshuku Ogari, mama yake, Nyaboke, alikuwa amemshika shati.

"Huyo fundi mwache, Makori. Betri ni ya serikali."

Mama huyu, ambaye hajawahi kumwachia mtu hata yai! Kuna kitu anaficha, Makori akajiambia.

Kijiji chote kilificha kitu. Yeye alikulia Nakuru, mama akimlea peke yake. Baba, aliambiwa, alikufa kabla hajazaliwa. Walirudi mwaka jana, akaoa, akajenga, na mpaka leo vituko vya hapa vilimshinda.

Kama sasa. Ogari alikatiza nyumba ya Masese, mlango wa mbele, mlango wa nyuma, na Masese mwenyewe, badala ya kumkamata, akatupa jembe akajitosa katikati ya majani chai. Makori akamvuta kola.

"Wewe ndiye mwenzake?"

"Niache, mura, kijana wewe! Mama mkwe anapita barabarani!"

Na kweli, kikongwe akapita, mwavuli ameuinamisha usoni. Makori akatema mate, akaendelea kukimbia.

Karibu na kwake, vijana walikuwa wameshajaa na marungu na mawe. Jiwe la kwanza likampasua Ogari sikio. Betri ikaanguka majanini, nzima. Taa ya Joyline ilikuwa imepatikana. Lakini fundi haibi betri ya serikali bila mkubwa nyuma yake, na maiti haitaji majina. Makori akaufungua mlango wake wazi.

"Ingia, wewe! Watakuua!"

Ogari akaja mbio, akatia mguu kizingitini.

"Nyumba ya nani hii?"

"Yangu na bibi yangu. Mimi Makori wa Nyaboke. Ingia!"

Mguu ukarudi nje. Macho ya Ogari yakamtafuta Nyaboke kwenye umati, yakampata. Akaketi chini, damu ikimtiririka shingoni.

"Siingii."

"Leo umekatiza nyumba za watu bila hodi! Yangu ina nini?"

"Waniue hapa hapa nje."

Loice akaliachia jiwe lililokuwa mkononi mwake. Wazee wakatazama chini, mmoja baada ya mwingine. Nyaboke alikuwa amejifunika uso kwa leso.

"Mama, huyu mtu ana wazimu?"

Alijibu Loice, polepole.

"Hana wazimu, mura. Huku kwetu mwanaume ataingia nyumba yoyote, ila ya kijana aliyemzaa mwenyewe, kijana huyo akishaoa."