Mihuri ya Kuingia

"Mfuko wa nailoni hauingii Rwanda, muzehe," afisa alisema. "Ni sheria."

Mugenzi aliukumbatia mfuko wake. Safari yote kutoka Mwanza hakuuachia, leo aje anyang'anywe mlangoni? Hakuwa mtu wa kuburuzwa. "Sheria hiyo imeanza lini? Miaka yote niko Mwanza, sijaisikia."

"Iko zamani kidogo. Vitu vyako sichukui. Ni mfuko tu."

Alivitoa kimoja kimoja, shingo upande: kipande cha sabuni, taulo, gauni la njano la mtoto lenye vifungo vyeupe. Afisa alilitazama gauni kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama sabuni, na Mugenzi akaingiwa na wasiwasi. Aliwajua watu wa forodha. Wakiona kitu kizuri, mikono inawawasha.

"Hilo ni la binti yangu," alisema haraka. "Si la biashara. Anaitwa Kaliza. Ana miaka saba, jino la mbele limeng'oka juzi juzi. Yeye na mama yake walitangulia, mimi nikabaki kumalizia kazi. Ananisubiri hapo nje."

"Najua, muzehe. Wapokeaji wote wanasubiri nje. Ndani hawaruhusiwi."

"Basi harakisha, mama. Isikie mvua hiyo. Mtoto ataona sikuja, arudi zake."

Hilo ndilo lililokuwa linamkaba roho. Siku wanaachana alimpakata Kaliza, akamwahidi kwamba akishuka tu kwenye ndege, mtu wa kwanza kumshika mkono atakuwa yeye. Na hapa hapakuwa hata na foleni. Msafiri alikuwa yeye peke yake, lakini mambo yalikwenda kwa kujikokota utadhani wapo mia.

Kusema kweli ofisi yenyewe haikumpendeza. Mahali fulani kitunguu kilikuwa kinakaangwa. Mbwa wa kunusa mizigo alikuwa amejilaza kizingitini, hana habari na mtu. Na afisa, mwanamke wa makamo mwenye mvi mbili tatu, alikuwa amevaa ndala. Nchi ndiyo kwanza inajengwa upya, Mugenzi alijiambia. Sare zitakuja.

Afisa alifungua pasipoti. Kurasa zilikuwa zimejaa mihuri, mmoja juu ya mwingine, hata pa kupumulia hapakuwepo.

"Hii yote yangu?" Mugenzi aliuliza. "Mbona mimi si mtu wa safari?"

"Yote yako. Yote ya kuingia."

"Na ya kutoka?"

"Ya kutoka hakuna."

Mugenzi alitikisa kichwa. Makarani ni wale wale, nchi yoyote uendayo.

Yakafuata masharti ya afya. Alinawa mikono kwenye beseni. Alivua viatu, afisa akavikung'uta na kuviweka kando. Alipewa kidonge cheupe na maji, akameza, na bado akatakiwa kufungua kinywa ionekane kimeshuka. Kisha sahani ya wali na maharage ikawekwa mbele yake.

"Hii nayo ni sharti?"

"Kila msafiri anakula, muzehe. Bila hivyo sigongi muhuri."

Alikula harakaharaka, jicho mlangoni. Angewaandikia jamaa wa Mwanza wajue mapema: Kigali mtu hapiti kirahisi.

"Swali la mwisho," afisa alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Huyo mtoto ukimwona, utamtambua?"

Swali la kipuuzi hilo, na lilimuudhi. Aliweka kijiko chini, akamkazia macho mwanamke yule.

"Mama, una watoto wewe? Kaliza nitamtambua popote. Hata akiwa na mvi kichwani."

Afisa aliinama. Aliutafuta muhuri kwenye meza kwa muda, ingawa ulikuwa hapo hapo mbele yake, na alipoinua uso macho yake yalikuwa mekundu. Mugenzi akamhurumia. Kazi ya kugombezwa na wageni kutwa nzima si ya kumtakia mtu.

Muhuri ukagongwa.

"Murakaza neza," afisa alisema, kama wanavyokaribishwa wageni wote. "Pitia mlango ule."

Mugenzi alikwenda karibu kukimbia, miguu mitupu, gauni mkononi. Nyuma ya mlango hapakuwa na watu, wala mvua, wala mtoto. Kulikuwa na kitanda chenye neti na pazia lililofungwa.

"Yuko wapi?"

"Anakuja. Mvua imemchelewesha. Jilaze kidogo."

Alitaka kubisha, lakini uchovu ulikuwa umemlemea mwili mzima, na kitanda kilikuwa karibu. Afisa alimfunika shuka, akachomeka neti kote kuzunguka godoro. Kisha akatoka na kuvuta mlango. Mugenzi alililaza gauni kifuani, akalinyoosha vifungo. Mtoto asije akalikuta limekunjamana.

Kutoka kule kwenye kitunguu ilisikika sauti ya mwanamume.

"Kaliza, leo baba amekutambua?"

"Bado," afisa alijibu.

Ndani ya neti Mugenzi alitabasamu. Kumbe afisa naye anaitwa Kaliza. Binti yake akifika atamsimulia, acheke mpaka pengo lionekane.