Udongo wa Kiwanjani

Sheria haikuruhusu tena nyumba kujengwa kwa udongo wa kuletwa. Kila ukuta ulipaswa kutoka kwenye kiwanja chake, na kipimo cha mkaguzi kilipougusa tu, udongo wa kuazima ulijulikana. Nyumba ya namna hiyo ilibomolewa wenyewe wakiwa wamesimama nje na magodoro yao.

Mvua za masika zilikuwa zimebomoa ukuta wa chumba walimolala watoto wa Nakundwa. Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo tupu, udongo wake ulishachimbwa wote; mbele palikuwa na mwamba. Udongo ulikuwa umebaki sehemu moja tu, pale alipozikwa mumewe, Mrindoko.

Wifi yake, Nakijwa, alikuja kumsaidia kukandika. Walichimba juu juu pale kaburini, wakaumwagia udongo maji. Nakijwa akavua viatu ili aukanyage udongo, kama ilivyo kawaida.

"Hapana, wifi," Nakundwa alisema. "Tusimkanyage."

Wakapiga magoti, wakaukanda kwa mikono kama unga wa maandazi. Kisha wakakandika, mmoja ndani, mwingine nje.

Kesho yake mkaguzi alikuja, kipimo kikawaka kijani. "Safi sana, mama," alisema. "Hii ndiyo nyumba iliyopatana na mahali pake."

Alipoondoka, Nakijwa aliutazama ukuta wa jikoni, ambao nao ulishaanza kumeguka. "Na huu ukianguka, wifi, utachimba wapi?"

Nakundwa alikuwa akiupapasa ukuta mbichi, akiusawazisha polepole kwa kiganja.

"Huo watakandika watoto," alisema. "Watakuwa na mimi pale, kando ya baba yao."