Breki ya Mguu

Mzee Emiliani aliteremka mlima wa Matogoro na baiskeli yenye mzigo wa kuni, akikandamiza tairi la mbele kwa soli ya kandambili, breki pekee aliyoitegemea tangu ujana.

Bondeni alisimama. Binti aliyekuwa akiuza ndizi akamsogelea.

"Shikamoo babu. Mbona kuna harufu ya kuungua?"

"Marahaba. Ni raba tu."

"Hapana, babu. Tazama mguu."

Soli ilikuwa imetoboka. Unyayo ulikuwa umebabuka, damu ikichuruzika vumbini. Emiliani aliuminya kwa kidole gumba, kisha akauminya tena kwa nguvu. Hakusikia kitu.

Mguu wa marehemu mke wake nao ulianza hivi, kwa kidonda kisichouma.

"Pole babu. Unauma sana?"

"Sana, mjukuu wangu," akajibu.