Jani la Vidole Saba

Daktari alimpa mama siku tano, na mama alitaka kitu kimoja tu: aone wekundu wa majani ya momiji, mti wetu wa getini. Lakini hapa Kyoto majani yalikuwa bado kijani kibichi, na mpaka yageuke ni mwezi mzima. Nikapanda ndege hadi kaskazini, Hokkaido, ambako milima ilikwishawaka wekundu, nikarudi na jani moja.

"La getini hili, mama," nikasema, nikimwekea kiganjani. "Mwaka huu yamewahi."

Akagusa vidole vya jani, zile ncha zake, kimoja kimoja, kama alivyonifundisha kuhesabu utotoni. Majani ya getini yana vidole saba. Alifika saba, akaendelea. Nane. Tisa.

"Sawako, hata kunidanganya hujui," akasema. "Vidole tisa ni vya kaskazini."

Nikaketi kando ya kitanda chake.

"Yetu bado kabisa?"

"Bado, mama."

Kwa kucha, mama akakata kidole kimoja cha jani, akakata na cha pili, akaviacha vianguke sakafuni.

Akahesabu upya, polepole, mpaka saba.

"Haya," akasema, akilifumba mkononi. "Sasa ni la getini."