Jiwe Lenye Mshipa Mweupe

Mweka hazina wa kanisa letu la Mghange aliifungua kadi ya sadaka ya marehemu, akagonga kwa kalamu miezi kumi na minne isiyo na muhuri.

"Pole sana, Mama. Sheria ya kanisa unaijua. Kadi ikiwa hivi, mchungaji haendi kwa mazishi."

"Hiyo miezi yote alikuwa kitandani," Mkamburi, mjane wake, akasema.

"Wagonjwa wengine walituma sadaka kwa simu."

"Simu ya nani? Yako?"

Akina mama waliomsindikiza wakacheka kidogo. Mazishi yalikuwa kesho saa nne.

Mkamburi hakubishana tena. Aliiacha kadi mezani, akatoka, akazunguka hadi ukuta wa upande wa mlima. Mwaka wa tisini na mbili, kila muumini alibeba jiwe lake kutoka mtoni mpaka hapa, maana pesa hazikuwepo, na siku hizo hakuna aliyeulizwa kadi. Jiwe la mumewe lilikuwa la tatu kutoka pembeni, lenye mshipa mweupe. Alilipangusa vumbi kwa ncha ya leso.

Kisha akatoa panga la shambani kwenye kikapu, akaanza kuchokora simiti.

Mweka hazina akaja mbio. "Mama! Unafanya nini sasa?"

"Nachukua jiwe letu. Mchungaji asipokuja kaburini, hili litakuja."

Kipande cha simiti kikaanguka. Nyuma ya Mkamburi, akina mama walikuwa wameanza kupapasa ukuta, kila mmoja akitafuta lake.