Mshiriki wa Tatu

Mshiriki wa kwanza alijitoa katikati ya swali, kwa sababu mumewe alirudi mapema. Wa pili alijibu vizuri sana, halafu akaanza kulia, akaomba kila kitu kifutwe. Binti, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa anawahoji, akafuta. Ndiyo sheria ya utafiti wao: mtu akijitoa, sauti yake inafutwa mbele yake, na hakuna kuulizana kulikoni.

Sasa ilikuwa Jumamosi alasiri na mahojiano yalitakiwa Jumatatu. Asiye na mahojiano kamili ya mke aliyehudumia nyumba miaka isiyopungua ishirini hafanyi mtihani, basi. Mwaka mzima ungekwenda na maji. Binti alikuwa amebakiwa na mwanamke mmoja tu wa kumuuliza, naye alikuwa amesimama mbele yake anapiga pasi.

"Mama, nakuomba."

"Uliza tu, mwanangu. Mdomo uko huru, mikono ndiyo ina kazi."

Binti akawasha kinasa sauti cha simu. Alikuwa amechoka hadi macho yanawasha. Somo la wanawake na jinsia halikuwa na jengo lake pale chuoni, lilikuwa linaombaomba vyumba. Asubuhi historia, upande mbio ghorofa ya juu kwa mwalimu wa uchumi, ushuke kwa wanasheria, umalizie kwa madaktari ng'ambo ya barabara, na kila mwalimu anaamini wenzake ndio wamepotea. Baba yake alimwita Profesa, na wala hakuwa anamsifu.

"Kwanza nikwambie haki zako," alisema, akamwaga alivyokariri. "Unashiriki kwa hiari. Unaweza kujitoa wakati wowote. Hulazimiki kutoa sababu. Ukijitoa hutaadhibiwa, wala hutapoteza haki yako yoyote."

Pasi ikasimama.

"Hebu rudia."

Akarudia.

"Wakati wowote? Hata mtu akiwa ameshaanza?"

"Hata akiwa anakaribia kumaliza." Binti akamsogezea simu. "Lakini Mama, usinifanyie hivyo, tafadhali. Nimebaki na wewe tu."

"Nani kasema nakufanyia? Mtu haulizi? Haya, endelea."

"Maji!" Baba aliita kutoka sebuleni. Jagi lilikuwa mezani, karibu na kiwiko chake. Mama akaenda, akammiminia, akarudi, akachukua shati jingine.

Alijibu yote. Nani anaamka wa kwanza, nani analala wa mwisho, nani alimuuguza mama mkwe mpaka akazikwa. Alijibu bila kinyongo, kama anayesimulia habari za jirani. Ila kila baada ya maswali mawili matatu naye aliuliza lake, na hilo lilimtia binti hofu, maana mshiriki anayeuliza sana ni yule anayetafuta mlango.

"Yule mwalimu wenu wa sheria, kuhusu nyumba alisemaje vile?"

"Kwamba jasho la jikoni nalo limejenga ukuta. Linahesabika."

"Na wa historia?"

"Kwamba mambo hayakuwa hivi tangu dunia iumbwe. Ni watu walipanga, na watu wanaweza kupangua."

"Na daktari?"

"Kwamba huo mgongo wako si uzee, Mama. Ni kazi."

"Mh!" Mama akaigeuza kola. "Kumbe mnasoma vitu vya maana. Baba yako aliniambia mnafundishwa ujeuri."

"Miwani yangu iko wapi?" sauti ikatoka sebuleni.

"Kichwani kwako!" Mama akajibu bila kuinua macho.

Lilibaki swali moja. Binti alilisoma haraka, kabla bahati haijageuka. "Unatarajia kuifanya kazi hii mpaka lini?"

Mama akatazama kapu la nguo. Yalikuwa yamebaki mashati mawili.

"Mpaka mashati haya yaishe."

Binti akacheka kicheko cha mtu aliyeishiwa nguvu, akazima simu. Machozi yalimlengalenga kwa nafuu. Alikuwa amepata mahojiano yake, kamili, mwanzo hadi mwisho. "Ahsante, Mama. Niliogopa utanikimbia katikati."

"Wewe? Wewe siwezi kukuacha njiani."

Mama akamaliza yale mawili, akayatundika pamoja na mengine. Kabati zima la baba lilikuwa limenyooka. Kisha akapiga pasi magauni yake, akayakunja vizuri. Binti hakuona zaidi ya hapo. Alilaza kichwa mezani, usingizi ukambeba.

Alizinduliwa na sauti ya baba, na safari hii hakuwa anaita maji.

"Unakwenda wapi na sanduku? Nimekosa nini mimi? Mama watoto, nipe sababu, hata moja tu!"

Mama alikuwa mlangoni, amevaa viatu vya kutokea. Alimtazama kwanza binti yake, kama mtu anayetaka kuhakikisha hajakosea maneno.

"Silazimiki kutoa sababu," alisema. "Muulize Profesa."