Tafsiri ya Zilpah

"Wanaoana!" Zilpah alidanganya, na pazia kwenye skrini likashuka.

Ukweli ni kwamba mwimbaji alikuwa amepanda treni peke yake, akimwacha mpiga piano wake mlangoni pa ukumbi. Lakini Mama Istahil hakuona. Macho yake yalikuwa yameshakufa, na Kiingereza cha Hollywood ya zamani kilimpita mbio. Alimtegemea Zilpah, mhudumu wake, amtafsirie. Naye Zilpah alitafsiri kama ma-DJ wa vibanda vya video kule Kisumu alikokulia: kwa mbwembwe, na chumvi tele pale filamu ilipomuudhi.

Diski waliiazima kwa Dipika, jirani yao hapo mtaani Balsall Heath, huko ughaibuni.

"Kumbe hata watu wa jukwaani hutulia," Mama Istahil alisema akitabasamu. "Basi na mimi nitamkubali Salat."

Zilpah alishtuka. Mzee Salat, mwenye duka mtaa wa pili wa Alum Rock, alikuwa ameleta posa, na mama huyu mjane alikuwa bado hajajibu. Sasa anaolewa kwa ajili ya uongo wa sinema!

Dhamiri ilimsuta wiki nzima. Alimchania nywele akiona haya, akampikia chai akiona haya. Siku Mama Istahil alipoulizia hina, uzalendo ukamshinda.

"Mama, nisamehe. Nilikudanganya. Hawaoani. Yule dada anapanda treni anaenda zake, na filamu inaishia hapo."

Mama Istahil aliutafuta mkono wa Zilpah, akaushika.

"Umefanya vizuri kuniambia, mwanangu. Nipigie Salat."

Alimkatalia kwa upole. Mzee hakubishana. Alifunga duka lake akarudi Garissa, na haikuchukua muda ikasikika ameoa huko. Mama Istahil aliwapongeza maharusi kwa simu, kisha akaomba apelekwe kulala ingawa ilikuwa mchana.

Zilpah aliumia, ila alijifariji kwamba angalau alisema kweli.

Dipika alipofuata diski yake, Zilpah alimrudishia akiguna. "Filamu gani hii, Dipika? Mtu anaachwa mlangoni na mambo yanaisha hivyo hivyo?"

"Yanaisha wapi?" Dipika alicheka, akaigeuza diski mkononi. "Si hiyo treni ni hafutaimu tu! Diski hii inachezwa pande mbili; harusi yao iko side hii ingine."